Mihogo ya Mama Niliyoitupa Gare

Jumanne. Mvua ilianza kabla sijaamka na mpaka sasa haijakata. Umeme hakuna tangu jana. Bwawa la Nzilo si mbali na hapa, nyaya zake zinapita juu ya paa la maabara yetu, lakini friji yangu imegeuka kabati. Majani niliyokusanya kwa wiki tatu yameoza ndani yake.

Ningependa kuandika juu ya hasira hiyo peke yake. Ingekuwa rahisi.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu mmezoea picha zangu za inzi weupe, wale wadudu wadogo kama chembe za unga wanaokaa chini ya jani la muhogo. Wananyonya mmea mgonjwa, wanarukia mmea mzima, na ugonjwa wa batobato unahama nao. Jani linajikunja, linapata mabaka ya njano, na siku ya kuchimba mama anakuta mizizi myembamba kama vidole. Inzi hao ndio kazi yangu tangu nikiwa msichana. Ila leo nina jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali popote.

Mchana nilikuwa Dilala, kwenye ukumbi wa parokia, kuzungumza na wakulima. Nimetumwa niwaambie wang'oe mihogo yote yenye batobato na kuichoma. Nikawaambia. Wakaniuliza watapanda nini baada ya kuchoma. Pingili safi tulizoahidiwa hazijafika, na kila nikiuliza ofisini naambiwa ziko njiani. Tata mmoja, baba mzee, alisimama katikati ya maneno yangu, akavaa kofia yake, akaenda zake kwenye mvua. Sikuweza kumlaumu.

Wengine walipotawanyika, mama mmoja mwenye mvi alibaki kwenye benchi la nyuma. Alikuwa akinitazama kwa muda mrefu.

"Weye njo Kapinga," akasema. "Mutoto wa Mama Kapinga, bale ba Kapata."

Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura. Mama Ngalula.

"Mama yako iko muzima?"

"Iko muzima, mama. Iko Mbuji-Mayi."

"Basi umuambie." Alinyanyuka taratibu, akishika benchi. "Ile mihogo, mi sikuiba."

Safari hii aliyekaa chini ni mimi.

Lazima nieleze. Nilizaliwa Kapata, hapa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni ya migodi, kama baba yangu. Babu ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Mimi Kasai sikuijua hata kwa picha. Ilipofika mwanzo wa miaka ya tisini, kampuni ilikuwa inaanguka. Mashine zilikuwa zimesimama, mishahara haikuonekana, na watu wenye njaa wakaambiwa kwamba wenye kosa ni sisi, Wakasai. Walituita bilulu. Kilulu, kwa Kiswahili chetu, ni mdudu.

Nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza, msaidizi katika kituo kidogo cha kilimo, kazi ya kugeuza majani na kuhesabu inzi weupe. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Asubuhi moja mkuu wangu aliniambia nisirudi tena, kwa usalama wangu. Alisema hivyo akiangalia dirisha. Wiki hiyohiyo vijana walipita nyumba kwa nyumba wakitufukuza, na mama na mimi tukajikuta gare, yaani stesheni, pamoja na umati wa watu, tukingoja treni ya kwenda nchi ya babu. Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Tulikuwa wawili tu.

Mama alibeba sufuria, blanketi mbili, na fungu la pingili za muhogo. Alizikata katika shamba lake nyuma ya nyumba wakati vijana wale wakigonga mlango. Alizifunga ndani ya gunia, na kila asubuhi alilinyunyizia maji. Maji ya kunywa, wakati sisi wenyewe tulipanga foleni nusu siku kuyapata.

Mimi niliona machipukizi yanaanza. Majani madogo yalikuwa yamejikunja, na njano ilikuwa tayari imeingia.

Nikamwambia mama: mihogo hii ni migonjwa, tukiipeleka tutapeleka batobato katika mashamba ya watu wanaotupokea. Nilizungumza kama nilivyofundishwa, kwa maneno makubwa, mbele ya watu wote waliokuwa wamelala sakafuni karibu nasi. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Shiye balitufukuza," akasema. "Sasa na weye unafukuza mihogo yangu?"

Kisha akalala akiegemeza kichwa juu ya gunia.

Siku ya tatu baada ya hapo, mama alipokwenda foleni ya maji, nilichukua fungu lile. Nililipeleka nyuma ya ghala, nikakatakata pingili zote kwa kisu na kuzitumbukiza katika shimo la choo. Sikujuta. Nilijiona shujaa wa sayansi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepoteza nyumba na kazi, na hilo lilikuwa jambo moja tu nililoweza kufanya sawasawa kama kitabu kinavyosema.

Mama aliporudi na ndoo yake, akakuta gunia tupu, alipiga kelele ambayo hakuipiga hata siku walipovunja mlango wetu.

Aliyekuwa ameketi karibu na mizigo yetu wakati huo alikuwa Mama Ngalula, na watoto wake watatu. Mama akamnyooshea kidole. Watu wakaja. Walimwaga vitu vyake vyote sakafuni, nguo za ndani, picha za harusi, Biblia. Hawakukuta muhogo. Wakasema basi ameuza. Mama Ngalula alikuwa anaapa kwa jina la Mungu, na watoto wake wamesimama ukutani, wakitazama.

Nami nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa juu ya sufuria.

Sikusema neno.

Mwanzo nilijidanganya kwamba nitasema jioni, hasira ya mama ikipoa. Jioni nikasema kesho. Treni ikaja, watu wakasukumana, na Mama Ngalula akapanda behewa la mbali ambako hakuna aliyemjua kama mwizi. Huko Kasai mama alipewa kipande cha shamba na binamu yake, akapewa na pingili. Nilipoyaona majani yake yanachipua nilitaka kulia. Batobato. Mbaya kuliko ile ya Kapata. Ugonjwa ulikuwa umeshafika huko zamani, kabla yetu sisi na kabla ya treni yetu. Nilichotupa hakikuokoa shamba la mtu yeyote.

Nilisoma tena, nikamaliza masomo, nikawa dokta wa wadudu. Nimefundisha vijana wengi namna ya kukata pingili safi. Miaka miwili iliyopita kazi ikanirudisha Kolwezi. Na kila mara mtu akinisifu kwa bidii yangu, kuna sehemu ndani yangu inayojua bidii ile ilianzia wapi.

Basi leo, katika ukumbi ule, nilimwambia. Nilisimama mbele yake kama mtoto wa shule, nikasema, "Mama Ngalula, ni miye nilitupa ile mihogo. Niliitupa mu choo. Na nilikuwa pale banapekua bitu byako."

Hakupiga kelele. Alirudi kuketi. Nje pikipiki za teksi zilikuwa zikipiga honi kwenye matope, na nilitamani dereva mmoja aingie atukatize.

"Batoto wangu balikuwa banaangalia," akasema mwishoni. "Mukubwa, mupaka leo, akiona mama yake na kitu kipya, anauliza: ulikipata wapi?"

Nikaanza kuomba msamaha. Akainua mkono.

"Hapana. Hiyo ya weye itangoja. Pigia mama yako kwanza."

Nikapiga. Mtandao hakuna. Nikatoka mlangoni, nikapiga tena, simu ikaita mpaka ikakata. Nilitaka kuitupa kwenye mfereji. Miaka yote hii nimekuwa na muda, na siku niliyopata ujasiri simu haishiki! Mara ya nne mama akapokea, akaanza kuniuliza kama nimekula. Nikamkatiza. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, kwa sababu nilijua nikisimama sitaendelea.

Nilisikia redio yake.

"Ngalula iko hapo?" akauliza.

"Iko, mama."

"Umupatie simu."

Walizungumza Kiluba. Nakielewa, lakini nilikwenda kusimama upande wa pili wa ukumbi ili nisisikie. Nilimwona tu Mama Ngalula akiitikia, kisha akizungumza kwa haraka, kisha akifunika macho kwa ncha ya kitenge chake. Sijui walisema nini. Aliponirudishia simu ilikuwa imekatika.

"Mama yako alilia," akasema. "Mi vilevile. Weye bado."

Akachukua mwavuli wake akaondoka.

Tangu niliporudi nyumbani nimempigia mama mara tatu. Hapokei. Ana haki.

Nimekaa nikifikiri juu ya yule tata aliyevaa kofia akatoka. Nimemwandikia mkuu wangu kwamba sitasimama tena mbele ya wakulima kuwaambia wang'oe, mpaka pingili safi ziwe mkononi mwangu, nami niwe nimezikagua. Atakasirika. Pengine atamtuma mtu mwingine. Nimetuma barua kabla sijaanza kuogopa.

Hilo lilikuwa jepesi. Lililobaki ni gumu zaidi.

Ukumbini niliambiwa kwamba watoto wawili wa Mama Ngalula walirudi kuishi Kapata, mmoja wao yule mkubwa. Sasa ni mwanaume wa makamo, na ana watoto wake. Jumamosi nitakwenda kwake. Sitampelekea zawadi, na sitamweleza habari za inzi weupe wala za miaka ile, maana aliipitia kama mimi. Nitamwambia kwamba mama yake hakuwa mwizi, na kwamba mimi nilijua tangu saa ileile. Nikiweza, nitalisema mbele ya watoto wake.