Baba Hakuwa Mlevi

Katoro, 4 Machi 2025

Mayu, mama yangu, shikamoo. Natumaini mguu umepoa. Sisi tupo, na vumbi letu la karasha za kusaga mawe ya dhahabu. Nakuandikia kwa sababu simu yako mnaiweka sauti kubwa, uani wote wanasikia. Akusomee Mihayo wa jirani, si mdogo wangu Salome.

Mama, mjukuu wako Ngusa anayumba. Ana miaka saba lakini akienda chooni anashika ukuta, na kijiko hakifiki mdomoni bila kumwagika. Nilijua ni zebaki, maana nilikuwa naosha dhahabu naye yuko mgongoni. Nimejilaumu mpaka nikachoka. Sasa tumepelekwa Mwanza kwa madaktari wa utafiti unaolipiwa na serikali. Wanasema si zebaki. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unarithiwa. Wakaniuliza, "Kwenu nani alitembea hivi?"

Nikamuona marehemu Baba akilini, akitoka mnadani anapepesuka, watu wanacheka.

Dawa hawana bado. Ila wakipata damu yako, ya Salome na yangu, watajua pa kuanzia, na Ngusa ataingizwa kwenye mazoezi ya viungo. Fedha ya serikali mwisho wake mwezi wa sita. Samahani kwa mwandiko, kalamu mbovu.

Mwanao, Limi


Kishapu, 2 Aprili 2025

Mama Ngusa, marahaba. Mguu unauma lakini natembea. Anayeandika ni Mihayo, ameapa kunyamaza.

Pole na mjukuu wangu. Mlete nimkande. Lakini hao wa damu wasinijie hapa na gari lao la serikali. Pamba ikivunwa, ng'ombe wa mahari ya Salome wanatoka kwa kina Maganga, na mshenga wao bado anapita nyumba hadi nyumba akiulizia ukoo wetu. Kuna kifafa? Kuna kichaa? Baba yako alikuwa mlevi. Kijiji kinajua hivyo, na ulevi wa baba haumzuii binti kuolewa. Nililiacha jina hilo limkae kwa ajili yenu. Usinivue nguo.

Mama yako


Katoro, 11 Mei 2025

Shikamoo mama. Nilinyamaza kwa hasira, halafu nikaionea aibu hasira yenyewe. Msalimie Mihayo.

Baba alikuwa Msabato. Hakuonja hata togwa iliyochacha. Jana Ngusa kaniuliza, "Mama, kwani mimi nimelewa?" Wenzake ndivyo wanavyomwambia.

Nikimtazama yeye, naona nimempa mimi. Nikimuwaza Salome, naona namnyang'anya mume. Sina upande wa kulalia. Lakini mimi niliolewa sijui, nikazaa sijui. Salome aolewe akijua. Usipomwambia, nakuja kumwambia mwenyewe, pamba ivunwe isivunwe. Nisamehe, mama. Sirudi nyuma.

Mwanao, Limi


Kishapu, 5 Juni 2025

Dada, shikamoo. Kwa miili hatujambo.

Mihayo kaenda Maganzo kutafuta almasi. Barua yako ikalala chini ya godoro mpaka mama akashindwa, akanipa nimsomee. Nikasoma kwa sauti, nikafika kwenye jina langu, nikaishusha karatasi. Mama akasema, "Endelea." Nadhani alitaka maneno yatoke kwako, yasitoke kwake.

Nimekukasirikia, sikufichi. Ungeniandikia mimi. Mimi mtoto?

Juzi mshenga alirudi. Alipouliza, mama aliinama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Nikajibu mimi: "Baba hakuwa mlevi. Alikuwa mgonjwa, na huenda ugonjwa huo na mimi ninao." Akamaliza uji wake, akaaga kwa heshima zote. Tangu hapo Maganga hapokei simu. Nimelia, nimeosha vyombo, nimelia tena.

Jumatatu tunakuja Mwanza, mimi na mama. Waambie hao madaktari watungoje. Na mwambie Ngusa hajalewa, kamfuata babu yake.

Jambo moja, dada. Mama alinitolea barua zako zote mbili, nikaziweka pamoja mezani. Ile ya Machi inasomeka. Hii ya Mei mistari inapanda na kushuka, kama Baba alivyoandika jina lake kwenye Biblia yake, miaka yake ya mwisho. Usiniambie ni kalamu.

Mdogo wako, Salome