Mapazia ya Yadi Kumi

Fundi Bahati, rafiki yangu,

Nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya cherehani yako, hapa Doornfontein, Johannesburg. Usishtuke, sijaanza kushona; ningekuharibia jina. Anayeshona siku hizi ni mkeo, Mama Neema. Leo ni Jumapili, yeye na Neema wako kanisani bado, ameniachia ufunguo kwa sababu anajua kwamba jioni ya Jumapili sina pengine pa kwenda. Jumapili jioni ilikuwa darasa letu. Wewe ulipiga pasi suruali za watu, mimi nilikueleza Marekani.

Nimewasha televisheni bila sauti. Wale majitu wenye kofia ngumu wa mpira wa Kimarekani wako uwanjani, ni marudio, wamekusanyika na kuinamishiana vichwa kama kawaida yao. Nakusikia kabisa: "Mwalimu, banafanya mukutano tena? Dakika moja mupira, dakika tano mukutano. Hii iko serikali, haiko mchezo!"

Nakuandikia kwa sababu kuna ahadi niliyokupa hospitalini, na sikuitimiza kama ulivyotaka. Nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa mwingine. Lakini unanijua: siwezi kusema jambo bila kulianzia mbali. Nivumilie, ulinivumilia miaka mingi.

Nianze na faili lenu la ukimbizi, lile la kuhamia Marekani. Ulipofariki, Mama Neema alikwenda ofisi ya wakimbizi kuwaambia kwamba mkuu wa familia hayupo tena. Waliandika, wakampa pole, wakamwambia asubiri. Kisha siasa za kule zikageuka. Nilikufundisha kwamba rais wa Marekani anaweza kusimamisha jambo kubwa kwa saini moja, jaji akaisimamisha saini, na majaji walio juu yake wakamsimamisha yeye. Ndivyo ilivyotokea kwa safari za wakimbizi. Waliokwisha kuhojiwa, waliokwisha kupimwa afya, hata waliokwisha kuambiwa wafunge mizigo, wote wamebaki walipo. Kila asubuhi nasoma habari kwenye simu, halafu namweleza Mama Neema, naye ananisikiliza mpaka mwisho na kuniuliza lile swali lako la kila mchezo: "Sasa nani iko na mupira?"

"Sijui, shemeji." Namjibu hivyo hivyo. Sijui.

Mdogo wako Amani bado anatuma ujumbe wa sauti kutoka Iowa, huko Marekani. Bado yuko kwenye kiwanda cha nyama. Anasema jirani yake mzungu ni mtu mwema, wamekaa ukuta kwa ukuta miaka mitatu na hawajawahi kuingiliana nyumbani. Unakumbuka alipotuambia kwamba manispaa ilimwandikia faini kwa sababu majani ya uwanjani kwake yalikuwa marefu? Uliweka pasi chini. "Majani yake mwenyewe? Kwake mwenyewe? Basi miye nitafuga mbuzi, imalize hayo mambo." Nami nikakueleza, kwa uzito kabisa, kwamba mbuzi pia wana sheria yao. Ulicheka mpaka mteja akatoka nje kungoja.

Na siku ile ya uchaguzi wao, nilipokuchorea majimbo juu ya karatasi ya kukatia nguo, nikakuonyesha jinsi mtu anavyoweza kupata kura nyingi nchi nzima na bado akashindwa. Ukaniambia kwa huruma, kama unayemfariji mgonjwa: "Ah, Mwalimu. Kumbe ni kama kwetu Kongo."

Nimekuwa mwalimu Tanga, nikawa mwalimu hapa, sijapata mwanafunzi kama wewe. Ulijifunza nchi ambayo hukuiona, ukaijua kuliko watu wengi wanaoishi ndani yake. Lakini darasa lile lilikuwa chumba kisicho na mlango, Fundi. Kwenu Bukavu hukuweza kurudi. Waliochoma duka lako bado wako pale. Marekani hukuweza kwenda. Na hapa hukukaa. Miaka yote ile uliishi hapa bila kukaa.

Wageni walioingia kwenu, maana karakana ndiyo nyumba yenu pia, waliyaona masanduku kwanza. Yalipangwa kando ya mlango, moja juu ya jingine, yamefungwa kamba. Kabati hamkununua. Meza hamkununua, Neema amefanya kazi zake zote za shule juu ya sanduku la juu. Na madirisha ya fundi hodari kuliko wote mtaani yalizibwa kwa shuka kuukuu na pini za nguo. Wanawake walikuletea vitambaa kutoka mtaa wa Kensington uwashonee mapazia, ukawashonea ya kumwaga hadi sakafuni. Nilikuuliza siku moja kwa nini usijishonee. Ukanijibu, "Pazia ni ya mutu mwenye anabaki."

Siku niliyokueleza sheria kubwa ya mchezo wao ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Nilikwambia: timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikifika, inapewa mengine manne. Isipofika, mpira unakwenda kwa adui. Uliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Yadi kumi tu? Banavunjana mbavu juu ya yadi kumi? Hiyo iko mapazia ya madirisha mbili, na mito ya kiti ukiweza kukata vizuri." Uliipima kwa macho ukutani, kutoka dirisha hadi dirisha. Kisha ukaendelea na suruali ya mteja.

Sasa nifike kwenye ahadi. Hospitalini, sauti yako ilikuwa imeshakuwa ndogo. Ulinishika mkono wa shati, ukaniambia, "Usiache bafungue mizigo, Mwalimu. Simu inaweza kulia." Nikasema sitaacha. Nilisema haraka, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba nimefungiwa ndani ya masanduku yale pamoja nao.

Baridi ya mwaka huu imekuja mapema. Unaijua ya hapa, kavu, inayopasua midomo. Asubuhi moja nilikuwa nakuja kunywa chai, nikawakuta mama na mtoto hapa karakanani wakigombana. Neema alikuwa amevaa sare ya shule, na juu yake lile koti. Koti zito la bluu, lenye bitana ya manyoya, ulilomshonea kwa ajili ya theluji ya Iowa. Alikuwa amefungua kamba usiku akalitoa.

"Vua!" mama yake alikuwa akisema. "Ile iko koti ya Amerika!"

Neema, unajua Kiswahili chake kinavyokatika, alijibu akitetemeka, "Mama, baridi iko hapa. Now. Eish!"

Mama Neema akanigeukia. "Shemeji, mwambie. Wewe njo mwenye uliahidi baba yake."

Na mtoto akanyoosha mikono mbele yangu. "Babu, angalia tu."

Niliangalia. Ulipolishona, Fundi, mikono yake ilimfunika vidole, akawa kama mtoto aliyevaa nguo ya askari, na sisi tukamcheka. Ulisema, "Tuache. Atakua, ataifikia kule." Sasa mikono ya koti iliishia kwenye vifundo vya mikono yake kabisa. Mabega yalikaa mahali pake. Hakuna palipozidi hata kidole. Kwa baridi ijayo litambana.

Nilimwambia mtoto aende shule nalo asije akachelewa, na mama yake nikamwomba muda hadi Jumamosi. Aliniambia bila kunitazama, "Muda tuko nayo mingi, Mwalimu. Njo kitu tuko nayo."

Nilirudi Kensington kwa mwanangu nikakaa na jambo hilo. Wajukuu walinisalimia kwa Kiingereza wakarudi kwenye simu zao. Mimi pasipoti ninayo, Fundi, na nauli ya Tanga haijanishinda, na bado siendi, maana waliokuwa wakinifungulia mlango kule wamekwisha. Nilikuwa nikidhani wewe ndiye uliyekwama na mimi ni mwalimu wako. Nimekaa kwenye kile kiti cha wageni miaka mingi, nimekwama kama wewe. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na masanduku ya kunionyesha.

Halafu nikakumbuka tulipogombana juu ya jaribio la nne. Timu imekwama, imebaki nafasi moja, na badala ya kuitumia, mchezaji anaupiga mpira mbali, kwa hiari yake, unaangukia kwa adui. Ulisimama. "Wazimu! Mupira yako mwenyewe unapatia adui?" Nikakueleza kwamba huyo hajasalimu amri. Mahali alipokwama ni pabaya, karibu na lango lake. Akiendelea kung'ang'ania pale pale, atapoteza kila kitu pale pale. Anaupiga ili mapambano yanayofuata yaanzie mahali ambapo anaweza kusimama. Hukukubali. Ulisema ni maneno ya watu walioshindwa, na Jumapili iliyofuata ukaniuliza tena.

Jumamosi nilipanda teksi hadi Fordsburg, kwenye maduka ya vitambaa. Nilimwomba mwenye duka yadi kumi. Akacheka. "Mzee, hapa tunapima kwa mita." Nikamweleza, naye akanivumilia, kwamba yadi kumi ni mita tisa na kipande. Alinikatia mita tisa na nusu ili nimwache ahudumie wengine.

Nilikiweka kitambaa juu ya cherehani hii bila hotuba. Mama Neema alikishika, akakikunja, akakikunjua. Alijua. Nikaanza kutafuta kofia yangu.

"Rangi gani hii, Mwalimu?" akasema mwisho. "Bahati asingekuruhusu ununue hata kamba ya kiatu."

Kisha akavua shanga za mkononi zisimzuie, akaketi, akashona. Machozi yalikuwa yakidondokea kitambaa naye hakuyafuta, aliyapitishia sindano tu. Neema alisimama juu ya sanduku, akayatundika mapazia. Sanduku, kwa kuwa lilishafunguliwa na kubaki tupu, lilimbonyea miguuni, ikabidi nimshike.

Wamefungua yote isipokuwa moja. "Hii ibaki," mama yake alisema, akalirudisha kando ya mlango na kulifunga kamba upya. Sikubishana naye. Nadhani hilo ndilo lako.

Sitakudanganya kwamba kuna kilichofunguka. Simu haijalia. Juzi wamepita tena vijana wenye mabango wakitutaka turudi kwetu, Mama Neema akafunga mlango wa karakana, akavuta pazia, tukakaa ndani kimya hadi wakapita robot, taa za barabarani za pale pembeni. Dirisha likazibwa vizuri, angalau. Shuka lile lilikuwa likionyesha vivuli vyetu vyote.

Natoka sasa, nawasikia ngazini. Neema anaimba, na mama yake anamwambia asipige kelele, watu wamelala, ilhali jua halijazama hata kidogo.

Pumzika, Fundi. Umesubiri vya kutosha. Acha zamu iwe yetu. Uliniomba wasifungue mizigo, nami nimewaachia wakafungua. Badala yake nakuahidi hiki ninachokiweza: siku simu ikilia, hata kama nitahitaji kupandishwa kitini, nitayashusha mapazia haya kwa mikono yangu, niyakunje, niyaweke ndani ya lile sanduku lako, yakatundikwe Iowa.

Rafiki yako,
Mwalimu