Jembe la Kalekye

Mwende mjukuu wangu,

Huku Mwala tuko, ingawa mvua imetuhepa tena na mbuzi wawili wamekufa. Mamako anakusalimu.

Umeniuliza kama umerukwa na akili, kwa sababu huko kiwandani unaongea na rafiki asiyekuwepo. Sijui, mama. Mimi nilikuwa na Kalekye, na nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuposwa. Hakuna aliyemwona ila mimi.

Siku moja ya mwethya, wanawake tukichimba mitaro pamoja katika shamba la jirani, nilifika na majembe mawili. Kiongozi wetu akauliza, "Hili la pili ni la nani?" Nikajibu, "La Kalekye, yuaja." Wote wakaangua kicheko. Kwa aibu nikamnong'oneza Kalekye arudi nyumbani.

Alitii. Sikumwona tena.

Nimeolewa, nimezaa, nimemzika babu yako, na hakuna mwingine niliyewahi kumwambia mambo yangu yote. Jembe lake bado liko nyuma ya mlango.

Kwa hivyo usiniombe nikwambie umfukuze wako. Muulize tu kama amekutana na Kalekye.

Susu wako,
Nduku