Macho Yangu Hayatoki Shambani kwa Mdogo Wangu

Shikamoo mama Mwanamwema, nisaidie maana nachemka. Mimi ni mkulima mdogo wa chai huku Mponde, baba alitugawia shamba sawasawa mimi na mdogo wangu Timotheo, lakini kila siku ya kupima majani kilo zake zinazidi zangu, ameezeka bati la rangi, amenunua ng'ombe wa maziwa, na watu wanamsifu mbele yangu kana kwamba mimi ndiye mdogo. Huku tunachumiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, nami mwezi uliopita nikamkatalia asiingie kwangu, sikutaka aone mistari yangu ya chai ilivyo hafifu, akaniambia, "Kaka, majani yatakomaa haya, tuyawahi," nikamfukuza, yakakomaa kweli, nikayachanganya na machanga ili nimpite uzito, karani wa mizani, asiyepokea majani yaliyokomaa, akamwaga gunia langu chini mbele ya kituo kizima. Timotheo akainama kuniokotea, nikamsukuma. Mke wangu Dorkasi akasema, "Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na mizani," akaenda kwao Mgwashi na watoto. Nifanyeje arudi, na nifanyeje huyu mdogo wangu asinizidi tena?

Yeremia, Mponde

Marahaba, Yeremia. Umenikasirisha, na nakwambia wazi. Kumwagiwa gunia mbele ya watu kunauma, pole kwa hilo tu. Lakini karani hakukuonea, na mdogo wako hajakuibia hata jani moja. Umeacha chai inayolisha watoto wako ikomae kwa kumwonea aibu mtu aliyekuja na kikapu kukusaidia. Hiyo ni akili gani?

Umeuliza maswali mawili. La pili ndilo lililomfukuza mkeo, na bado umelibeba mpaka kwangu. Hata Timotheo akifilisika kesho utatafuta jirani mwingine wa kumchungulia, na utazeeka hivyo hivyo, mtumwa wa shamba la mtu.

Sasa sikiliza. Usikimbilie Mgwashi, Dorkasi amechoka na maneno yako. Siku ya zamu ya Timotheo nenda kwake asubuhi, mwombe radhi mbele ya mkewe, ingia mstarini uchume majani machanga tupu. Jioni yabebe mwenyewe hadi kituoni, yapimwe kwa jina lake, na wale wale walioshuhudia gunia lako likimwagwa waone. Wala usiulize zimetoka kilo ngapi. Ukirudi nyumbani mikono mitupu na roho yako imetulia, hapo ndipo umfuate mkeo. Ukirudi umenuna, mwache Dorkasi akae kwao.