Ukuta Niliokuchorea Wodini

Bibi yangu,

Herufi hizi hukuwahi kuzisoma. Za chuoni, za Kurani, ulizisoma bila miwani, lakini za shule ulisema zinafanana na sisimizi waliokanyagwa. Labda ndiyo sababu nimeweza kukuandikia. Ungekuwa hai ningeificha barua hii chini ya godoro, na hata ungeiona usingeijua. Sasa hupo, na bado naona haya.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka? Mgeni akibisha hodi tu, mimi nishakimbilia ndani na penseli yangu. Ukamwambia, "Huyu wangu hataki watu. Nitamuoza ukuta, na mahari nile mimi." Mama anacheka, mgeni anacheka, nami huko ndani nacheka peke yangu, mkono mdomoni.

Nilikuwa nikichora zidaka zako. Vile vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, vimejaa nakshi, kule chumba cha nyuma kabisa ambacho nyinyi wakubwa mlikiita nyumba kati. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Nilijua kila jani la nakshi lilipovunjika. Lakini hukutaka nilale huko. "Hapa si pa kulala watoto," ulisema, ukanitoa kwa ncha ya leso. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani unaogopa nitavunja zile bakuli za zamani.

Halafu sukari ikakushika mguu. Kidonda kidogo kisiginoni, ukakificha mpaka kikanuka. Daktari akasema ulale wodini wiki sita, sindano na kusafishwa kila siku, na akamwambia mama mara mbili: msimtoe kabla. Mkabala na kitanda chako palikuwa na ukuta wa kijani uliobabuka, na doa la maji lililofanana na ngamia aliyelala.

"Nimemchoka ngamia huyu," ulisema siku ya tatu.

"Mpande basi, akupeleke kwako," akajibu Bi Mwanaidi, yule mama wa kisiwa cha Ndau wa kitanda cha pili, aliyevunjika nyonga. Mlicheka hadi nesi akaja kutazama kuna nini.

Juma hilohilo ndipo akaja Dada Njoki kutoka Nairobi. Kazi yake ni kupamba hospitali. Alisema mgonjwa akiwa na kitu kizuri cha kutazama maumivu humpungua, na kwamba wa kuamua kizuri ni wagonjwa wenyewe, si yeye. Alikuja na fomu za Kiingereza, moja kwa kila kitanda: ungependa kuona nini ukifumbua macho? Alijaribu kukuuliza mwenyewe, akakuita shosho, yaani bibi kwa lugha ya kwao, nawe ukaniuliza kwa sauti kubwa, "Shosho ndio nini? Ni ugonjwa mwingine?" Alipoona Kiswahili chenu cha Kiamu kinamshinda, nesi mkuu akanionyesha kwa kidole. Huyu anachora, akasema, na Kiingereza chake ni kizuri. Nikapewa fomu kumi na mbili.

Sasa nakwambia nisilomwambia mtu wakati ule.

Nilikwenda kitanda cha kwanza. Yule mama alinitazama tu, akingoja niseme. Nikajifanya nimeitwa, nikatoka, nikakaa nyuma ya tangi la maji na kuzijaza fomu zote mwenyewe. Nilibadilisha kalamu. Nilibadilisha mwandiko, huu umelala, huu umesimama. Katika yako niliandika, kwa Kiingereza cha kupata alama, kwamba ungependa kuziona zidaka za nyumbani kwako. Nyingine nyingi nikaandika vivyo hivyo kwa maneno tofauti. Nilikuwa na hakika, Bibi. Ulikuwa hatua ishirini kutoka pale nilipokaa. Wengine sawa, niliwaonea haya, lakini wewe? Wewe ningeweza kukuuliza. Nilitaka tu uone mwenyewe, ushangae.

Dada Njoki alizisoma akafurahi mpaka akanikumbatia. Nyinyi mkahamishiwa wodi ya pembeni, nasi tukachora. Yeye alikata makaratasi ya nakshi, mimi nikatia vivuli ili vishubaka vionekane vimezama ndani. Vilizama kwelikweli. Mama wa usafi alinyoosha mkono kuweka kikombe chake, kikaanguka, akanitukana huku akicheka. Lile juma niliongea na watu. Nilijibu nilipoulizwa. Nilidhani huenda ndivyo nitakavyokuwa sasa.

Mkarudishwa asubuhi. Kitanda chako kikawekwa palepale, ukuta mzima mbele yako, kutoka sakafuni mpaka darini. Nilisimama karibu na mama, nimeshika chupa ya chai, nikingoja uso wako.

Uliutazama safu kwa safu. Kisha ukajifunika leso mpaka kidevuni, kama wanaume wameingia chumbani bila hodi.

"Nani aliyenena wachore hivi?"

"Wamekupamba kama bibi harusi, nawe wanuna," akasema Bi Mwanaidi.

"Kwenu Ndau ni mapambo. Kwetu sisi chini ya ukuta huu ndipo tuoshewapo tukifa." Ukamgeukia mama. "Zena. Daktari amenena nini, hunambii?"

"Hajasema kitu, mama. Wallahi."

"Basi mbona wameniweka nyumba kati, mbee ya mato yangu, nami naona, ningali hai?"

Sikujua, Bibi. Kila siku ya msiba mimi nilikuwa nikipelekwa kwa majirani na watoto wenzangu, tukirudi chumba kimeshafagiliwa na udi umeshafukizwa. Sikujua kwamba babu aliwekwa pale, na mamako, na mamake. Mama alijua. Lakini nesi mkuu alikuwa amewaambia watu wote kwamba wagonjwa wenyewe ndio waliochagua, imeandikwa, na mama akadhani uliulizwa ukakubali, mpaka alipokusikia.

Neno lilikuwa fupi. Ni mimi niliyechagua, Bibi, daktari hata zidaka hazijui. Hilo tu. Ulinitazama hata mimi, kwa zamu yangu, kama ulivyowatazama wote. Nikakumiminia chai.

Hukuinywa. Siku ya pili ukakataa sindano. Ukasema kama safari imefika, wakuweke kwako, si kwa watu. Siku ya nne mama akatia sahihi ya kukutoa, wajomba wakakubeba kwa kiti katika vichochoro, nawe ukiwasalimia watu milangoni kama unakwenda harusini. Nyumbani ulitulia. Ulikula. Mama akaniambia, "Waona, alitaka kwake tu." Nesi alikuja mara chache kukisafisha kidonda, kisha hakuja. Ulipoanza kutetemeka tulijua kidonda kimepanda mwilini. Kabla ya mwezi kuandama ulikuwa umekwenda, na safari hii sikupelekwa kwa majirani. Nilikuwa mkubwa, nilibeba maji. Walikulaza chini ya zidaka, mama mdogo akanipa kata ya kukumiminia maji, na nikajua kwamba kila jani nililokuchorea kule hospitali lilikuwa mahali pake hasa. Sikukosea hata moja.

Mama sasa hampi nesi mkuu salamu. Wakikutana kichochoroni hujifunika na kupita, na huwaambia watu kwamba hospitali ilikukatia tamaa ikakuandikia ukutani. Halafu usiku huwa anasema peke yake kwamba asingetia sahihi. Nalisikia hilo kupitia mlangoni. Nimesimama pale mara nyingi. Sijagonga.

Wageni huja kupiga picha. Dada Njoki alinitumia moja kwenye simu, ukuta umetoka vizuri, kitanda chako kitupu mbele yake, na chini ameandika kwamba wazee wa Amu walichagua wenyewe. Nilimwandikia nesi mkuu kikaratasi, kwa kuwa kwa mdomo siwezi, nikamweleza habari ya fomu zote. Alikisoma akakikunja. Akasema ukuta ulishazinduliwa mbele ya watu, rangi nyingine haipo, na mimi ni mtoto, nisijitwike mambo ya Mungu. Nilimuuliza kama naweza kuupaka chokaa mwenyewe. Akasema ni mali ya hospitali.

Juma lililopita nilimpelekea Bi Mwanaidi uji, amerudi wodini kwa ile nyonga. Kitandani mwako yumo bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani, mtu wa rika lako. Alikuwa amelala ubavu, mgongo ameupa ukuta, na manesi wanasema hupenda kulala hivyo. Nilipopita akanishika baibui.

"Mwanangu, we ni wa hapa. Nambia kweli. Daktari amenena nini juu yangu?"

Na nikasema, Bibi. Nilipiga magoti nikasema yote, kwa sauti, Bi Mwanaidi akisikia. Kwamba ukuta ni wangu, fomu ni zangu, hakuna daktari aliyejua, ni ujinga wa msichana mwenye haya asiyeuliza.

Aliniacha nimalize. Akanipapasa shavu.

"Mtoto mwema," akasema. "Wamekutuma kunipoza."

Niliapa. Akatikisa kichwa, akanifuta machozi kwa leso yake, akageukia mlango. Kesho yake jamaa zake walikuja kumchukua.

Miezi yote hii nimejiadhibu kwa neno moja nisilokwambia, na sasa sijui kama ungeliamini. Nilidhani kulijua hilo kungenipunguzia. Hakukunipunguzia kitu. Msamaha siuombi, kwa kuwa hakuna atakayenijibu. Lala, Bibi, pale ulipolala, na Mola akukunjulie nafasi.

Mjukuu wako,
Swafiya