Blenda ya Mkono ya Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Dagaa wako darini! Si wazima, ni supu yao. Nimepanda stuli, nimefuta mara tatu, doa limegoma. Lina umbo la kisiwa cha Ukerewe.

Kisa chenyewe: Mzee Ndalahwa, baba mkwe wangu, yupo hapa kwetu Butimba tangu Jumatano. Taya limevunjika. Hospitali wamemfunga meno ya juu na ya chini kwa waya, wiki sita. Kutafuna hakuna. Kila kitu kipite kwenye mrija. Nikasema leo apate cha maana kidogo – supu ya dagaa na nyanya, ikiwa ya moto, ndani ya blenda yetu ya jagi. Nikabonyeza. Kifuniko kikaruka kama kofia ya mlevi.

Na mimi ni mwalimu wa fizikia! Miaka kumi na minne nafundisha watoto wa watu habari za mvuke na presha.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, kaona yote. Mabega yakaanza kumtikisika. Kucheka hawezi, waya unavuta, kwa hiyo alishika mashavu kwa mikono miwili huku machozi yanamtoka. Niliona aibu. Lakini ndiyo mara ya kwanza tangu aje kuonyesha kwamba yumo.

Anasema alianguka na baiskeli. Yaani anaandika. Tumempa daftari la zamani la Gladness, binti yetu, ambaye yuko likizo Shirati kwa mama yangu. Herufi kubwa tupu. NILIANGUKA NA BAISIKELI. Mayala, mume wangu, anasema baiskeli ya baba haina tairi la mbele tangu mwaka juzi. Hatukuuliza zaidi.

Jumanne, 10 Juni

Kliniki. Alikuwa na kilo sitini na moja siku wanamfunga. Leo hamsini na nane. Wiki moja tu!

Daktari, mama mmoja mpole, akamuuliza anakunywa nini. Uji. Vikombe vingapi? Mzee akanyoosha kidole kimoja. Kisha akaomba kalamu: UJI NI WA ALIYEJIFUNGUA. MIMI SIJAZAA.

Daktari alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema akishuka chini ya hamsini na tano atamlaza na kumlisha kwa mpira kupitia puani. Mzee akageukia dirishani.

Ushauri wake: apewe chakula alichozoea, ila kisagwe kilainike kabisa. Nitafute blenda ya mkono, ile yenye fimbo ya kuzamisha kwenye sufuria au kikombe. Jagi halifai kwa mtu mmoja, chakula kidogo kinarukia kuta za jagi tu, kisu kinazunguka bure. (Na cha moto kinarukia darini, lakini hilo sikumwambia.)

Kuna tatizo la pili ambalo hospitali hawalijui. Mzee hali mbele yangu. Mimi mkwe. Kwao Bujora, kama kwetu Shirati, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wakila. Kwa hiyo kikombe nakiweka kwenye stuli nje ya mlango wake, nabisha hodi, nakimbia. Kama nimetega bomu.

Jumatano, 11 Juni

Mjini. Niliingia dukani saa nne asubuhi nikidhani ni jambo la robo saa.

Muuzaji anaitwa Alexander, ana ulimi wa mahubiri. Akapanga tatu mezani. Ya kwanza: nyeupe, plastiki mpaka fimbo, wati mia mbili. Ya pili: fimbo ya chuma, wati mia sita, vitufe viwili. Ya tatu: haina waya, ya kuchaji, inang'aa kama simu ya waziri.

Nikauliza kuhusu ile ya plastiki – inavumilia cha moto? Akasema, "Mwalimu, hii inasaga hata mawe." Nikamwambia alete jiwe. Akasema mawe yameisha.

Mama mmoja aliyekuja kununua pasi akaniambia chukua ya kuchaji, umeme wenyewe unajua. Mwenzake akasema ya kuchaji ni kama mume wa safari, ukimhitaji hayupo. Wakabishana. Mwingine akasema kinu na mchi, basi! Mimi nikaomba vitabu vya maelezo vyote vitatu, nikakaa kwenye kiti cha wateja nikasoma. Kimoja kilikuwa cha Kichina. Nikatazama picha.

Nimerudi saa kumi na moja, mikono mitupu. Mayala akauliza kama nilikwenda kununua blenda au kuposa.

Lakini nikikosea je? Mzee leo kanywa nusu kikombe.

Alhamisi, 12 Juni

Wifi Rebeka alikuja toka Nyegezi. Ni dada mkubwa wa Mayala, akiingia hata mapazia yanajinyoosha. Amesikia kwamba nimeshinda dukani siku nzima bila kununua, kwa hiyo kanunua yeye. Ile nyeupe! Ya plastiki!

"Shika, mama Gladi. Wengine hatuna haja ya kusoma vitabu ili kupika."

Nikashukuru. Ningefanyaje? Maharage yalikuwa yanachemka, akaizamisha yeye mwenyewe. Ikanguruma vizuri. Sekunde ishirini. Kisha harufu – kama ndala imeangukia moto. Kisha KRAK.

Akaitoa. Ukingo wa kichwa umekatika, kipande kama ukucha wa kidole gumba. Kiko wapi? Tukachuja sufuria nzima kwa chujio la chai, vichwa vitatu juu ya bakuli, Mayala anamulika kwa simu. Tulikipata. Rebeka akasema huenda kilitoka hivyo dukani.

Nikasema, "Wifi, hiki tumekiona. Na vile vidogo tusivyoviona, si vingepita kwenye mrija wa baba?"

Aliondoka bila chai. Mayala ananiambia nimemuudhi dada yake. Mimi? Maharage ndiyo yamemuudhi. Nimemwaga sufuria nzima.

Mzee hakula. Uji ameurudisha na maandishi: ASANTE. NIMESHIBA. Muongo!

Ijumaa, 13 Juni

Leo sikusoma kitabu chochote.

Nilipika ugali na mchuzi wa sato, nikatoa miiba mmoja mmoja, mara mbili, na miwani. Nikatia kwenye hotpoti. Nikachukua vikombe viwili, pakiti ya mirija, nikaenda dukani kwa Alexander. Nikaweka mezani kwake. Nikamwambia mashine itakayopitisha ugali na samaki kwenye mrija ndiyo naondoka nayo.

Akasema duka halifanyi hivyo. Nikamweleza habari ya mzee – taya, kilo, mpira wa puani. Akafuta meza kwa mkono wa shati, akachomeka plagi.

Ya kuchaji kwanza. Ikaingia kwenye mchuzi kwa madaha, laini kabisa, hata kelele haina. Ikafika kwenye ugali. Ikapunguza. Ikapumua. Ikafa. Watu walikuwa wameanza kusimama mlangoni, mmoja akasema "poleni kwa msiba".

Ya chuma, wati mia sita. Hii ina mngurumo wa pikipiki. Kichwa chake chembamba, kinaingia kikombeni bila kugusa kuta. Nikaongeza vijiko viwili vya mchuzi, nikashusha fimbo mpaka chini kabla ya kubonyeza. (Ukibonyeza juu, unaoga.) Dakika moja. Ikatoka kama maziwa mazito.

"Vuta," nikamwambia Alexander.

"Mimi?"

"Wewe si unauza?"

Akavuta. Macho yakamtoka. Akavuta tena. Akasema, "Mwalimu, huyu samaki umemtia nini?" Basi kila mtu akataka. Yule mama wa pasi naye alikuwepo – sijui anaishi mle! Mirija ikaisha, kikombe kikaisha, hotpoti ikaisha. Alexander kauza mbili palepale wakati mimi bado nafuta meza.

Na fimbo inachomoka, inaoshwa peke yake. Nimerudi nayo nimeipakata.

Jumamosi, 14 Juni

Saa sita mchana. Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyochemshwa na maziwa, kikombe kimoja. Ndicho chakula chake, Mayala anasema baba amekua nacho. Nikasaga, nikaweka kwenye stuli, nikabisha, nikakimbia.

Nikasikia mrija. Nilisimama kwenye korido kama mwizi, nikasikia mrija unavuta mpaka chini kabisa – ile sauti ya hewa.

Kikombe kikatoka tupu. Chini yake karatasi: CHAKULA KIZULI SANA. IPO NYINGINE?

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kalamu nyekundu kusahihisha ile L. Ualimu ni ugonjwa. Nikaiweka kalamu chini, nikalia kidogo juu ya sinki.

Ilikuwepo nyingine. Nikabonyeza, umeme ukakatika. Nikamalizia kwa mchi.

Jumatatu, 16 Juni

Jambo ambalo halijawahi kutokea!

Nasaga mlenda, nasikia kukohoa nyuma yangu. Mzee yumo ndani ya jiko langu. Mimi nikatazama ukuta, yeye akatazama dirisha, hakuna aliyejua pa kuweka mikono. Kisha daftari likasukumwa mezani mpaka kwenye kiwiko changu: NIONYESHE INAVYOFANYA.

Nikamwonyesha kwa mgongo. Yaani nikaielezea mashine huku nimeelekea kabati. Fimbo chini kwanza, baba. Ndiyo, sasa bonyeza. Nikasikia chwaaa! Alikuwa ameiinua. Shati, ukuta, kalenda ya kanisa, vyote mlenda.

Mlenda hautoki ukutani. Nimempa eproni, iliyokuwepo ni yangu ya maua.

Ijumaa, 20 Juni

Anasaga mwenyewe, mara tatu kwa siku. Hatutazamani bado – tumegawana jiko, yeye upande wa soketi, mimi upande wa jiko la gesi, migongo inaongea. Jana alijaribu embe na karanga. Kizuri. Leo kajaribu dagaa na ndizi mbivu. Aliandika: HAPANA. Akanywa yote hivyo hivyo.

Mayala anasimama mlangoni, anaondoka, anarudi. Anasema tangu azaliwe hajawahi kumwona baba akishika hata mwiko.

Jumanne, 24 Juni

Kilo hamsini na tisa na nusu! Daktari alimpigia makofi. Mzee akaandika jina la blenda na wati zake, akampa, eti awaambie wagonjwa wengine.

Jioni tukiwa tunapika, daftari likanifikia pembeni.

SI BAISIKELI. NI NG'OMBE. NILIKUWA NAKAMUA.

Nikaendelea kukata kitunguu. Daftari likaondoka, likarudi. MAMA MAYALA NDIYE ALIKUWA ANAKAMUA. YULE NG'OMBE ANANIJUA NA FIMBO. NA NDOO HANIJUI.

Mama mkwe alifariki Agosti mwaka jana. Sote tulizika, sote tukarudi makwetu. Kila Jumapili tunapiga simu – baba umekula? Nimekula. Hakuna aliyeuliza nini.

Nikamuuliza sasa, nikiwa nimetazama kitunguu. Akaandika polepole. MICHEMBE. YA BALIDI. SIJUI KUWASHA JIKO LIKAWAKA.

Halafu: MAYALA ASIJUE.

Nikampa kisu na nyanya, nikamwonyesha mchuzi unavyoanzwa. Kitunguu kwanza, baba. Usikiharakishe.

Jumatano, 2 Julai

Jirani alikuja kuomba chumvi akamkuta Mzee Ndalahwa na eproni ya maua, anakoroga. Alisema shikamoo mara mbili. Chumvi akaisahau.

Mchuzi wa mzee: chumvi nyingi, lakini mchuzi.

Jumapili, 6 Julai

Naandika hapa jikoni, mezani karibu na soketi. Nimeegemeza daftari kwenye mitihani ya kidato cha pili ili nionekane nasahihisha.

Rebeka amekuja baada ya ibada na begi tupu. La baba. Habari zimefika Nyegezi, zimefika mpaka Bujora: mzee wa miaka sabini na moja, mwenye ng'ombe zake, anapikishwa na mkwe! Tena Mjaluo! Na eproni! Anamchukua leo. Kwake atakaa kwenye kochi, atalishwa, ataheshimiwa. Waya ukitolewa atarudishwa Bujora na mtu wa kumhudumia. Ameshamaliza, sisi tunaambiwa tu.

Mayala kasema labda dada ana hoja, watu wanaongea. Akanitazama. Mimi nitasema nini? Neno la mkwe katika mambo ya baba yao ni kama uji wa jana. Na ninalolijua nimeombwa nisiliseme.

"Muulizeni mwenyewe," nikasema. Ndiyo yote niliyoweza.

Mzee yupo upande wake wa soketi. Hajageuka tangu Rebeka aingie.

Rebeka toka sebuleni: "Baba, unasemaje? Nikupangie nguo?"

Vruuuum.

Akasubiri. Kelele ikaisha. "Baba, nasema hivi –"

Vruuuum!

Mayala ananiuliza kwa macho anasaga nini muda wote huo. Nimechungulia. Kikombe kitupu. Hakuna hata tone. Kisu kinazunguka hewani, na mzee amenyooka kama askari wa gwaride, kidole kwenye kitufe.

Kitabu kinasema isizidi dakika moja bila kupumzishwa, na kamwe isiwashwe kavu. Mota imeanza kunuka. Namwona Rebeka anasimama, anakuja huku na begi. Kazi yangu ni kuchomoa plagi, iko hapa karibu na mkono wangu –

Nimeweka mitihani mbele ya plagi, mtu asiifikie.