Mwanafunzi wa Saa Tisa

Jumanne, 4 Machi 2025

Ni kansa. Daktari Gladys hakuzunguka. Titi la kulia, na imeingia kwa tezi za kwapa. Amenichorea kwa karatasi – titi, mstari, halafu viduara vitatu kwapani. Viduara akavipaka wino. Mimi nikatazama wino.

Kwanza kemo, dawa ya kupitia mshipa. Halafu upasuaji. Halafu mionzi. Nikauliza, na mkono wangu? Akasema wakitoa tezi mkono unaweza kuvimba, nisinyanyue vitu vizito. Nikamwambia mimi nafundisha udereva. Nakaa kushoto, mwanafunzi kulia, na mkono huuhuu ndio unanyakua usukani mtu akienda kwa mtaro. Miaka kumi na moja! Akasema tutaona. Tutaona nini?

Mume wangu Ireri alikuwa kando yangu akiandika kila kitu kwa simu kama karani. Hakunishika hata bega. Afadhali. Ningempiga.

Jumatano, 5 Machi

Nimefundisha wanne. Sijaambia mtu. Msichana mmoja amerudi rivasi akaangusha vijiti vyote vya mazoezi, nikampigia kelele mpaka akalia. Sikumwomba msamaha.

Ijumaa, 7 Machi

Simu kutoka Mitunguu. Dada yangu mkubwa, Kendi. Ireri amemwambia – bila kuniuliza! Kendi amelia dakika ishirini. Murungu wakwa, Mungu wangu, Murungu wakwa! Mgonjwa ni mimi na wa kubembeleza ni mimi. Halafu akauliza kama nilikuwa navaa sidiria za kubana. Nikakata.

Jioni ametuma mkungu mzima wa ndizi. Nimeuacha kwa mlango. Majirani wachukue.

Jumapili, 9 Machi

Sitarudi hilo kanisa. Ireri alisimama mbele, akapewa maiki, akaomba watu wamkumbuke "mke wangu Igoki na titi lake la kulia". La kulia! Kanisa nzima ikageuka kutazama kifua changu. Mama wa nyuma akaniwekea mkono kichwani. Nikautoa.

Nyumbani nimemwambia ukitaka kutangaza mwili, tangaza wako. Akasema alitangaza kwa sababu anaogopa. Yeye ndiye anaogopa! Amechukua blanketi akaenda kwa kochi. Sikumfukuza. Sikumwita pia.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi wangu Mutembei alikuwa kanisani jana. Kwa hivyo leo nimepata hotuba. Nipumzike, nikae ofisini nishike simu, gari apewe mwalimu mwenzangu Kathuri. Kathuri hawezi kufundisha mbuzi! Tumegombana mpaka wateja wakatoka nje. Mwisho ameniachia mwanafunzi mmoja tu, wa saa tisa. Eti mtu mpole, daktari, hatanisumbua.

Saa tisa akaja. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Nikamjua kabla hajafika kwa gari.

Mwenda. Wa ile kliniki iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Januari mwaka jana nilipanda zile ngazi nikamwonyesha uvimbe, mdogo kama punje ya njugu. Alibonyeza mara mbili, macho yakiwa kwa kompyuta. "Ni mafuta tu, mama. Punguza kahawa." Hakunituma nipigwe picha. Hakuniambia nirudi. Nikashuka ngazi nikiwa na furaha! Nikanunua hata viatu.

Miezi kumi na minne.

Hanikumbuki. Ameniita madam. Amefunga mkanda akauliza, tunaanza na nini?

Jumatano, 12 Machi

Ni mwoga wa klachi. Anaiachilia ghafla, gari inaruka, inazima. Leo imezima mara tisa. Kila mara nimemwambia, polepole, ukiwa na haraka unaumiza watu. Anasema ndiyo madam, samahani madam. Jasho mpaka kwa kola.

Nimempeleka katikati ya soko makusudi. Boda kila upande. Amekaribia kulia. Nimefurahi njia yote mpaka nyumbani, halafu nimetapika chakula cha mchana. Na kemo bado.

Alhamisi, 13 Machi

Picha ya CT. Haijafika kwa maini wala mapafu. Ireri amenishukuru, kama ni mimi nimefanya. Daktari Gladys amesema tezi zilizoshikwa anazigusa kwa mkono, mtu yeyote aliyesoma anaweza kuzigusa. Nimemwuliza, na mwaka jana? Ametazama faili. Amesema hawezi kujua. Anajua.

Jumanne, 18 Machi

Kemo ya kwanza. Nyekundu kama juisi. Mkojo mwekundu. Jirani wa kitanda alinionyesha picha za wajukuu, mmoja baada ya mwingine, nikafumba macho akaendelea.

Ijumaa, 21 Machi

Hapana. Kitanda. Ireri amepika uji, umeungua. Nimekunywa.

Jumatatu, 24 Machi

Nimerudi kazini. Mutembei alisimama kwa mlango, nikapita chini ya mkono wake.

Mwenda anauliza, madam, ulikuwa mgonjwa? Nikasema tia gia. Anatia ya tatu akidhani ni ya kwanza.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika ndani ya gari. Lazima niandike, kesho nitajiambia haikuwa hivyo.

Leo ilikuwa kilima, barabara ya Meru. Nusu ya kilima nikamwambia asimame, avute handbreki, azime. Akafikiri amekosea. Nikasema Januari mwaka jana nilikuja kwako na uvimbe. Ukasema mafuta. Ni kansa, iko kwa tezi.

Magari yanapita. Kisha akaanza – siku hizo alikuwa peke yake, wagonjwa sitini kwa siku, mashine ya ultrasound ilikuwa imeharibika...

Nikamwambia sikuuliza mashine.

"Madam, sikukumbuki," akasema. "Nimejaribu saa hii. Sikukumbuki kabisa. Pole."

Hiyo pole! Nilitaka kumtoa nje ateremke kilima kwa miguu. Nilikuwa na maneno ya wiki mbili, ya kumwaibisha, ya kumshtaki. Kikatoka kingine. Nikamwuliza, wiki hii umeona mwanamke mwenye uvimbe?

Akashika usukani na gari imezimwa.

"Mmoja."

"Lini?"

"Jana asubuhi."

"Umemwambia nini?"

Nikauliza tena, kwa sauti ile ya kufundishia.

"Nilimwambia... arudi baada ya miezi mitatu kama hautapotea."

"Ulimshika kwapa?"

"Hapana."

Nikamwambia apige simu. Akapigia kliniki, wakamsomea nambari kutoka kwa rejista. Akampigia yule mwanamke. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Akasema atajaribu kesho. Nikauliza anaitwa nani na anakaa wapi.

Akasema anaitwa Ciakuthii. Amezoea kuuza nyanya karibu na stendi ya Runyenjes, kwao ni ndani kidogo.

Nikasema washa.

"Madam, mimi bado sijaweza kwenda mbali kwa barabara kubwa."

Nikasema tena, washa.

Imezima mara mbili kwa kilima. Mara ya tatu imeshika, lori nyuma yetu linapiga honi, na mimi nimenyoosha mkono wangu wa kulia karibu na usukani, unauma kutoka kwapani mpaka kidole, sikuutoa. Mbona niutoe. Mutembei amepiga mara nne. Gari ilitakiwa irudi saa kumi.

Sasa tuko Runyenjes. Mwenda ameshuka kuuliza. Namwona akiongea na mama mmoja wa nyanya, anajipapasa chini ya kwapa lake mwenyewe akieleza. Yule mama anacheka. Halafu hacheki tena. Ameonyesha njia ya udongo inayopanda nyuma ya soko.

Anarudi. Amekuja upande wangu, amefungua mlango, anasema ile njia ni mbaya na imejaa mawe, tafadhali madam, endesha wewe.

Nimefunga mlango wangu nikamwonyesha usukani.